Ngoma ya Shamani na Giza la Oslo

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa maktaba ya mtaa wetu hapa Oslo: picha ya jani jekundu, ngoma ya duara, na mwaliko wa kuupokea msimu mpya "kwa njia ya shamani", yaani yule mganga anayezungumza na mizimu. Jioni moja tu, mtu aje na blanketi lake. Nikalipa, nikaenda. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na mtu wa pwani akisikia ngoma lazima aulize ni ngoma gani, maana kwetu neno hilo moja ni chombo, ni mchezo, na ni shughuli ya pepo vilevile.

Tulikuwa kumi na mbili. Mwenyeji alifukiza majani makavu ya seji, akatuambia tulale chali, tufumbe macho, tushuke chini ya ardhi kwa mawazo, tumtafute mnyama anayetulinda na kumuuliza msimu huu unatutaka tuache nini. Kisha akapiga ngoma kwa mpigo mmoja wa haraka usiobadilika, robo saa nzima. Wenzangu walirudi na mbweha, tai, na mmoja na samaki. Mimi nilipitiwa na usingizi. Tukanywa chai ya tangawizi, tukaagana vizuri, na sina la kumlaumu mtu. Lakini nilipokuwa nasubiri tramu nilijiuliza: ile ngoma na yale majani yanayodondoka barabarani vimekutana wapi? Nimelifuatilia swali hilo, na nikakuta kamba tatu zilizosokotwa pamoja hadi zikaonekana moja.

Kwanza msimu wenyewe, kwa sababu Kiswahili hakikuuzaa. Kamusi nyingi huuita vuli. Vuli ya kwetu ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, wakati wa kupanda, ardhi inanukia na mahindi yanachipua. Ukimwambia mkulima wa Muheza kuwa Ulaya vuli ni pale kila kitu kinapokufa, atakuona umechanganyikiwa. Wengine husema "majira ya kupukutika majani", maneno ambayo angalau hayadanganyi, na ndiyo nitakayotumia. Pwani misimu tuliihesabu kwa pepo za bahari, kaskazi na kusi, na katikati yake demani. Jua halikuingia kwenye hesabu kwa sababu halikuwa na vituko. Dar es Salaam, tofauti ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa katika mwaka haifiki saa moja. Oslo mchana wa Juni unakaribia saa 19 na wa Desemba hauzidi saa sita. Mwisho wa Septemba mwanga hapa unapungua kwa zaidi ya dakika tano kila siku. Kwa wiki hiyo ni zaidi ya nusu saa, na mwili unaona.

Neno la pili ni shamani. Limetoka kwa Waevenki, wawindaji na wafugaji wa misitu ya Siberia, likapitia Kirusi hadi Ulaya magharibi. Mwaka 1692 Mholanzi Nicolaas Witsen alichapisha kitabu chenye mchoro wa shamani mwenye pembe kichwani na ngoma mkononi, akamwita kuhani wa shetani. Tangu hapo neno la kabila moja likavishwa watu wa kila mahali. Waaltai wa kusini mwa Siberia wana kam. Wasakha wa kaskazini-mashariki mwa Siberia wana oyuun akiwa mwanamume na udagan akiwa mwanamke. Wasami, wenyeji wa kaskazini ya Norwei, Uswidi, Ufini na Rasi ya Kola ya Urusi, wana noaidi. Sisi tungesema mganga, na hatungekosea sana: naye hutafuta kilichopotea, huzungumza na wasioonekana, huitwa mambo yanapoharibika. Tofauti ni kwamba shamani wa Siberia anasemekana kusafiri mwenyewe kwenda kwa mizimu, wakati kwenye ngoma zetu nyingi za pepo, pepo ndiye anayekuja na kupanda kichwani.

Zingatia hilo la kuitwa mambo yanapoharibika. Nitalirudia.

Sasa zile kamba. Ile ya ngoma na safari ya chini ya ardhi, kama nilivyofanyishwa, imetoka kwa Mmarekani Michael Harner. Alikuwa mwanaanthropolojia. Miaka ya 1956 na 1957 aliishi na Washuar wa Ekuado, kisha 1960 na 1961 akawa na Wakonibo wa Peru, ambako alinywa dawa yao ya mmea mtambaazi na majani na kuona maono. Baadaye alichukua alichodhani ni kiini cha mambo ya mashamani wa dunia nzima, akakitenga na dini, lugha na ukoo, akaweka ngoma mahali pa dawa: mapigo 205 hadi 220 kwa dakika. Kitabu chake cha 1980 kikawa mwongozo, na semina zikaenea hadi Ulaya. Mpigo ule niliolalia usingizi ni wa kwake.

Kuna kichekesho hapa. Washuar na Wakonibo wanaishi karibu na ikweta kama sisi. Msitu wao haupukutiki majani hata siku moja. Waliomfungulia Harner mlango hawaujui msimu ambao ngoma yake sasa inaupokea.

Msimu umeingia kwa kamba ya pili, ya Uingereza. Huko miaka ya 1950 watu waliotaka kufufua dini za kale za Ulaya kabla ya Ukristo walikusanya sikukuu za asili mbalimbali wakazipanga kwenye duara moja la mwaka, sikukuu nane. Ile ya mwisho wa Septemba, usiku na mchana vinapolingana, siku hizi huitwa Mabon. Jina hilo ni la shujaa wa hadithi za Wales, na aliyelibandika kwenye tarehe hiyo ni Mmarekani, Aidan Kelly, miaka ya 1970. Ni changa kuliko Azimio la Arusha. Sisemi hivyo kuikejeli, kila sikukuu ilianzishwa na mtu. Ila tangazo la maktaba lilisema "hekima ya kale", na ukale huo una umri wa mama yangu mdogo.

Kamba ya tatu ni ya watu wenyewe, wanaoishi kwenye baridi na wenye ngoma. Hii ndiyo iliyonikalisha.

Nianze na nchi hii ninayokaa. Mwaka 1691 kule Finnmark, kaskazini kabisa, mzee Msami aitwaye Anders Poulsen alinyang'anywa ngoma yake, na mwaka uliofuata akasimamishwa mahakamani Vadsø kwa uchawi. Ngoma ya noaidi ilikuwa na michoro iliyopakwa kwa maji mekundu ya gome la mti, na juu ya ngozi huwekwa kielekezo kidogo. Ukipiga, kielekezo kinarukaruka hadi kitulie kwenye mchoro fulani, nawe unasoma: ubashiri wa mawindo, wa safari, wa kilichopotea. Poulsen aliwaeleza mahakimu michoro yake mmoja mmoja, na maelezo yake yaliandikwa. Kabla hukumu haijatoka, mtu mwenye matatizo ya akili alimuua kwa shoka. Ngoma ikapelekwa Denmark. Ilirudi Karasjok, kwenye makumbusho ya Wasami, mwaka 1979 kwa mkopo, na ikawa mali yao rasmi 2022. Ni moja ya ngoma kama sabini tu zilizobaki, baada ya wamisionari wa karne ya 17 na 18 kuchoma na kukusanya nyingi walizozikuta.

Kwa hiyo ukimuuliza mtu ngoma ya noaidi ilifanya nini hasa msimu unapogeuka, unauliza kitu ambacho sehemu kubwa ya jibu lake ilichomwa moto. Kilichobaki bila kuchomwa ni kazi. Wasami hawana misimu minne, wana minane. Kati ya kiangazi na majira ya kupukutika kuna čakčageassi, halafu inakuja čakča yenyewe, kisha čakčadálvi kabla ya baridi kamili, dálvi. Kila jina lina shughuli yake na kulungu wa Aktiki. Mapema madume wakubwa huchinjwa, kabla hawajaanza kupandana, kwa sababu baada ya hapo nyama yao hainogi. Mwezi wa Oktoba unaitwa golggotmánnu, mwezi wa madume waliochoka kwa kupandana mpaka hawajiwezi. Novemba ni skábmamánnu, mwezi wa giza. Kundi linatoka pwani lilikokula nyasi za kiangazi na kurudi bara.

Na kuna jambo dogo lililonivutia kuliko ngoma: majani ya viatu. Zamani Wasami hawakuvaa soksi. Mwisho wa kiangazi walikata aina ya majani membamba yaotayo penye unyevu, wakayapondaponda hadi yalainike kama nyuzi, wakayakausha na kuyasokota kama mkeka unaoanza, kisha wakayafunga vishungi vya kuhifadhi. Majira ya baridi mtu alichambua shungi, akaufunika mguu mzima kwa majani hayo, akautumbukiza kwenye kiatu cha ngozi. Jioni aliyatoa, akayaanika karibu na moto. Aliyeyakata kwa uvivu mwezi wa Agosti alijua mwezi wa Januari, kwa vidole vyake. Kama kuna desturi ya kujiandaa na msimu huu, hii hapa, na hakuna shamani ndani yake.

Altai nilikwenda kwa kusoma tu, ila huko hadithi inapinda kwa namna ambayo sikuitegemea. Altai ni jamhuri ndani ya Urusi, kusini mwa Siberia, inapopakana na Kazakhstan, China na Mongolia. Milimani kule kuna mti wa jamii ya misonobari ambao, tofauti na ndugu zake, hupukutisha sindano. Septemba miteremko yote inakuwa ya njano. Ndipo Waaltai wa mabonde kadhaa hufanya Sary Bür, maana yake "jani la njano". Mwenzake wa mwanzo wa kiangazi ni Jazhyl Bür, "jani la kijani".

Siku huchaguliwa mwezi ukiwa mchanga, unakua. Aliyefiwa karibuni haendi. Watu hupanda mahali palipojengwa matagyl, marundo ya mawe yaliyopangwa kama madhabahu ndogo, wakiwa wamebeba maziwa, tepe za kitambaa na jibini. Tepe lazima zitoke kwenye kitambaa kipya, nyeupe, buluu au njano, na hufungwa kwenye tawi kwa utaratibu. Jibini laini hufinyangwa vinyago vidogo viitwavyo shatra: mnyama, nyumba, mlima. Hivyo hupangwa juu ya jiwe, mifugo yote ya kijiji imekuwa saizi ya kidole gumba. Mti wenye harufu uitwao archyn huchomwa, maziwa hunyunyizwa, na kiongozi wa maombi huitaja milima na mito kwa majina, akishukuru kwa kiangazi kilichopita na kuomba baridi isiwe kali kwa watu na mifugo.

Mtalii akiona hayo huandika "tambiko la kishamani", na mtandaoni utalikuta kwa jina hilo. Lakini ibada hii, kwa sura yake ya leo, imekuzwa na watu waliowakataa mashamani. Mwaka 1904, katika bonde la Tereng, mchungaji aitwaye Chet Chelpan na binti yake wa kulea, Chugul, walitangaza kuwa mpanda farasi mweupe amewatokea msichana huyo na wazee wake. Ujumbe ulikuwa: acheni kuchinja kwa damu, chomeni ngoma za makam, yaani mashamani, ombeni kwa maziwa na archyn, mkae mbali na Warusi. Watu kwa maelfu wakakusanyika. Serikali ya mfalme wa Urusi, ikisukumwa na wamisionari, ikavunja mkusanyiko kwa nguvu na kumkamata Chet. Mahakama ilimwachia huru 1906. Imani hiyo, Ak Jang au "imani nyeupe", ilipigwa tena vita enzi ya Wasovieti, na ikafufuka kuelekea mwisho wa karne.

Ukiziweka ngoma hizi kwenye mstari mmoja utaona kioja. Vadsø ilichukuliwa na mahakama. Tereng zilichomwa na wenyewe. Oslo tuliletewa moja mpya ya kulalia usingizi.

Je, hakuna mahali popote ambapo shamani alikuwa na siku yake msimu huu? Ilikuwapo. Wasakha wa Yakutia, ambako kijiji cha Oymyakon kilipimwa nyuzi 67 chini ya sifuri mwaka 1933, zamani walikuwa na ibada mbili: ya kiangazi kwa miungu ya nuru, ambayo ingalipo na ni sherehe kubwa ya taifa lao, na nyingine ya majira haya, usiku, kwa nguvu za giza, ikiongozwa na mashamani. Hiyo ya pili ndiyo iliyofifia. Kinachoendelea hadi leo ni munkha. Barafu ya ziwa ikishashika kiasi cha kubeba watu, kijiji kizima hutoboa matundu, hupitisha wavu mrefu chini ya barafu na kuuvuta upande wa pili ukiwa umejaa samaki. Kabla ya kuanza, moto hulishwa chakula kwa heshima ya mwenye ziwa. Samaki wakitoka hugawanywa sawa, na mzee asiyeweza kusimama kwenye barafu hupata fungu lake.

Hapo ndipo nilipoona kinachozitenga kamba hizi. Kule zilikotoka, kupokea msimu ni shughuli ya kaya na kundi la mifugo, tena ya mahali pale na mlima ule unaotajwa kwa jina. Shamani ni fundi, aliitwa mtoto asiposhika usingizi, mnyama alipopotea, roho ilipodhaniwa imetangatanga. Kulala chali mwenyewe, kila msimu, kumtafuta mnyama wako mwenyewe kwa ajili ya ustawi wako mwenyewe, ni jambo la miaka hamsini hivi iliyopita, la watu wa mijini wasio na mifugo. Lina haki ya kuwepo. Norwei yenyewe ilikisajili chama cha washamani kama jumuiya ya dini mwaka 2012, na baadhi ya wanachama ni Wasami wanaojaribu kuokota kilichobaki cha noaidi. Kwao ngoma ina uzito ambao kwenye ule ukumbi wetu haikuwa nao.

Na sisi si wageni kabisa wa mambo haya. Makunduchi, Unguja, kila Julai hufanya Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jua uliotokana na Nairuzi ya Waajemi. Wanaume hupigana kwa migomba hadharani ili kinyongo cha mwaka kiishie pale. Kibanda cha makuti huchomwa chini ya usimamizi wa mganga, na watu huangalia moshi unaelekea wapi. Mganga yupo, ana kazi yake ya dakika chache. Siku ni ya mji. Jaribu kuuza kifurushi cha Mwaka Kogwa cha kufanyia peke yako chumbani na mgomba wako mmoja.

Basi anayeteseka na giza afanye nini? Maana mateso ni ya kweli, na niseme wazi kwamba mwaka wangu wa kwanza hapa nilianza kulala saa kumi na moja jioni kila siku na kula mkate kama mtu anayelipwa. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani walieleza sonona inayofuata msimu, ile inayokuja mwanga ukipungua na kuondoka ukirudi. Rosenthal alikulia Johannesburg. Alipohamia New York miaka ya 1970 ndipo akaona anavyozama kila baridi ikikaribia, kitu ambacho nyumbani hakukijua. Mwanga wa asubuhi ndio unaoiambia saa ya mwili ikome kutoa melatonini, homoni ya usingizi. Asubuhi ikiwa giza, saa hiyo inachelewa. Tiba iliyotokana na kazi yao ni taa kali ya lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga), nusu saa kila asubuhi, macho wazi bila kuitazama moja kwa moja. Mwenye shida ya macho, au anayepata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, amwone daktari kwanza. Na sonona ikiwa nzito, taa peke yake haitoshi, wala ngoma.

Wanorwei nao wana desturi zao ambazo hakuna anayeziita za kiroho. Kondoo hushushwa kutoka milimani Septemba, na Alhamisi ya mwisho ya mwezi huo ni siku ya fårikål, nyama ya kondoo iliyochemshwa na kabichi na pilipili manga nzima, chakula ambacho mpwani ataomba ndimu nacho. Makoti hupachikwa vipande vinavyong'aa ili madereva waone watu gizani. Na mafuta ya ini la samaki hunywewa kijiko kila siku katika miezi yenye herufi r. Nilipohesabu kwa Kiswahili, Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba zote nilizikosa, ikabidi nihesabu kwa Kinorwei. Sababu ya kijiko hicho ni vitamini D: kuanzia Oktoba hadi Machi jua la hapa liko chini mno kwa ngozi kuitengeneza, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuliko nyeupe. Kwa wengi wetu kijiko hicho kina maana kuliko kwa wenyeji waliokibuni.

Jirani yangu ni mama wa Pangani, ameshamaliza miaka ishirini hapa. Nilimsimulia habari za kikao changu, akacheka hadi akashika meza. "Mwanangu, umelipa pesa ukalale? Si ungekuja hapa kwangu ukalala bure?" Kisha akanionyesha mlango wa jokofu. Pale amebandika ratiba ya swala, tarehe kwa tarehe, na kwa kalamu nyekundu ameandika pembeni saa za kwetu. Mpwani husema magharibi ni saa kumi na mbili na nusu, basi, mwaka mzima. Kwenye karatasi yake magharibi ilikuwa saa moja na robo usiku mwishoni mwa Septemba, ikashuka mstari kwa mstari hadi saa kumi na moja na nusu, halafu Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa zinaporudishwa nyuma, ikaruka hadi saa kumi na nusu kwa usiku mmoja. Mwezi wa Desemba jua linachomoza saa tatu na robo asubuhi na kuzama saa tisa na dakika kumi na kitu.

Chini ya ratiba alikuwa ameandika orodha fupi: taa ya jikoni, mafuta ya samaki, koti la Hamisi limebana. "Huku giza halipigi hodi," akasema, akinipa sahani niandae meza. "Mimi nikiona magharibi imepita saa moja kuja chini, ndiyo nashusha makoti kabatini."